Njia za Mkato za Mei 17

Jirani akikuuliza kama utakuja tarehe kumi na saba, sema ndiyo, kisha urudi ndani ukajiandae.

Huyo ni jirani yuleyule ambaye tangu Oktoba amekuwa akikusalimia kwa kutikisa kichwa na kuendelea kuzoa theluji. Umefika kijijini kwao, kando ya fjord, ule mkono mwembamba wa bahari, kwa njia unayoijua mwenyewe. Huenda ulitoka Kivu, ukakaa kambini Uganda miaka mingi, kisha manispaa moja ya Norway ikakupokea. Huenda ulikuja kusoma, au kuhudumia wazee, au ulimfuata mtu uliyempenda. Haidhuru. Mei ikiingia, watu wale wakimya wanaanza kusugua ngazi, kupaka rangi uzio na kupiga pasi hadi usiku. Siku yao kubwa inakaribia, nawe hujui wimbo, huna vazi wala historia. Tulia. Siku hii inapitika bila hivyo vitatu, na jioni wenyeji wakasema umeisherehekea vizuri.

1. Beba miaka mitatu na jina moja

Usihangaike kuisoma historia yote ya Norway. Chukua ya kutosha kukufikisha mwisho wa hotuba.

Kosa linalowaumbua wageni ni kuwapongeza wenyeji kwa siku ya uhuru. Sisi tuliokulia kwenye tarehe za kushusha bendera ya mkoloni na kupandisha yetu tunalifanya kwa urahisi sana. Mei 17 ni siku ya Katiba. Denmark ilikuwa imeitawala Norway kwa zaidi ya miaka mia nne. Mwaka 1814 ikajikuta upande wa walioshindwa katika vita vya Napoleon, ikalazimishwa kuikabidhi Norway kwa mfalme wa Sweden. Wanorway hawakungoja kukabidhiwa. Wanaume 112 walikutana Eidsvoll kuanzia Aprili 10, na baada ya wiki tano hivi, Mei 17, wakawa na katiba iliyotiwa saini na mfalme waliyemchagua wenyewe. Kabla mwaka haujaisha Sweden ikawaingiza kwenye muungano wake, na muungano huo haukuvunjika hadi 1905. Mfalme wao alikwenda zake, lakini katiba ilibaki. Kwa hiyo wanachosherehekea ni waraka uliotangulia uhuru kamili kwa miaka 91.

Beba basi miaka mitatu: 1814 walipoandika katiba, 1905 walipoachana na Sweden, 1945 Wajerumani walipoondoka. Msemaji akiutaja mmojawapo, tikisa kichwa taratibu. Atautaja tu.

Jina la kubeba ni Henrik Wergeland. Mfalme Karl Johan wa Sweden hakuipenda sherehe hii, akajaribu kuizuia, na mwaka 1829 askari wakatumwa kuwatawanya watu waliokusanyika uwanjani Christiania, ambayo ndiyo Oslo ya leo. Wergeland, mshairi kijana, alikuwemo. Mwaka 1833 akasimama hadharani na kuihutubia siku yenyewe. Lakini sisi wageni tuna sababu yetu ya kumpenda. Katiba ile ya 1814, pamoja na sifa zake zote, ilikuwa na kifungu kilichowakataza Wayahudi kuingia nchini. Wergeland alipigania kifungu hicho kifutwe hadi alipofariki mwaka 1845, na kikafutwa 1851. Mpaka leo Wayahudi wa Oslo humwekea maua kaburini kila Mei 17. Mtaje mtu huyu karibu na mwalimu mstaafu wa kijiji, kisha ukae kimya. Mwalimu atasimulia yaliyobaki, na ukiwa msikilizaji mzuri utaondoka na sifa ya kuwa msomi.

2. Usivae bunad

Utaziona kila upande: sketi nzito za sufu zenye tarizi za rangi, vesti, mashati meupe, bizimu za fedha zinazometameta kifuani. Hilo ndilo bunad, vazi la asili, na kila eneo lina lake. Aina ni mamia. Moja hugharimu makumi ya maelfu ya kroner. Wengi hulipata wakiwa na miaka kumi na mitano hivi, wakati wa kipaimara, na mara nyingi bibi ndiye aliyekaa miezi akilitarizi. Bizimu hurithiwa. Kuna hata watu wanaotaniwa kuwa ni polisi wa bunad, maana jicho lao huona kutoka mbali kiatu kisichofaa, hereni zisizo za vazi hilo, au miwani ya jua ambayo bibi asingeiruhusu.

Shindano hilo huwezi kulishinda, kwa hiyo usiliingie. Usiazime, usikodi, na usinunue kile kinachofanana nalo kwa bei ya kutupa. Vaa cha kwenu. Siku ambayo kijiji kizima kimevaa vya mababu, kanzu safi, kitenge kilichoshonwa vizuri au gomesi havihitaji maelezo. Wahamiaji wengi nchini humo hufanya hivyo, na hupendeza. Suti pia inatosha. Bandika kifuani, upande wa kushoto, utepe mdogo wa nyekundu, nyeupe na buluu, unaouzwa dukani kwa bei nafuu. Ndani ya kitenge vaa sufu, juu hadi chini, kwa sababu Mei ya kaskazini inaweza kuleta theluji wakati bendi iko katikati ya wimbo. Hakuna atakayejua kilicho ndani.

Ukiwa Karasjok au Kautokeino, ambako Wasami, watu wa asili wa kaskazini, ndio wengi, utakuta gákti, vazi lao la rangi kali. Usiliite bunad. Wasami wana bendera yao na siku yao ya taifa, Februari 6, na atakayeona unalijua hilo atakukumbuka.

Sasa njia ya mkato yenyewe. Msogelee mtu yeyote aliyevaa bunad, umwulize: vazi lako ni la wapi? Halafu usimame imara. Utasikia bonde, kijiji, jina la bibi, ugomvi wa dada wawili juu ya bizimu, na baridi ile ambayo tarizi ilikuwa karibu kuachwa nusu. Mtu aliyekupa maneno manne tangu Krismasi atakupa robo saa nzima. Akimaliza, mwulize nani aliyetarizi mfuko wa kiunoni. Hapo utapata robo saa nyingine. Na mwanamume wa makamo akikulalamikia kwamba vesti yake imejikunja kabatini wakati wa baridi, kubaliana naye kwamba sufu hufanya hivyo.

3. Fanya hila zako tarehe kumi na sita

Mei 17 ni sikukuu kisheria tangu 1947, na duka la kijiji litafungwa. Kila kitu kinunuliwe siku ya kuamkia.

Umeombwa keki. Kila nyumba imeombwa keki. Usianze kujifunza kuoka usiku huo. Dukani kuna keki tupu iliyokwisha okwa. Ipasue katikati, ijaze krimu na jamu, uifunike krimu tena, kisha upange juu yake stroberi na buluuberi ziwe bendera. Krimu husitiri kila kitu, na atakayeitambua keki hiyo ni yule aliyenunua kama yako.

Au peleka maandazi. Mimi nakushauri maandazi. Meza ya keki za krimu ina keki za krimu ishirini. Maandazi yako yatakuwa peke yake, watoto watayamaliza kwanza, na mama mmoja atakuja kukuuliza ile harufu ni ya nini. Mwambie ni iliki. Wao pia huitia kwenye mikate yao mitamu, kwa hiyo hapo mna la kuongea.

Jambo moja usilisahau: andika jina lako kwenye kipande cha plasta, ukibandike chini ya sahani. Wenyeji wote hufanya hivyo, na sahani hiyo itakufaa kuliko kilichomo.

4. Amka kabla ya matarumbeta

Bendera hupandishwa saa mbili kamili asubuhi. Vijiji vingine bendi ya shule hupita mapema zaidi, ikiwapigia waliolala. Kama nyumba uliyopanga ina mlingoti, ipandishe nawe kwa wakati huohuo, na usiiache iguse ardhi, jirani anachungulia. Hushushwa jua linapozama, au saa tatu usiku ikiwa jua halijazama, na kaskazini halitakuwa limezama.

Salamu ya siku ni ileile wanayopeana kwenye siku ya kuzaliwa: Gratulerer med dagen. Ifanyie mazoezi bafuni. Leo una ruhusa ya kumsalimu kila mtu njiani, hata yule ambaye siku nyingine huvuka barabara ili asilazimike kuongea. Itumie ruhusa hiyo hadi mwisho.

5. Mnarani vua kofia

Kabla ya shamrashamra, kijiji huenda kwenye mnara mdogo wa jiwe wenye majina. Mtu ataweka shada la maua. Kutakuwa na maneno machache, kisha kimya.

Hapa hakuna njia ya mkato. Wajerumani waliivamia Norway Aprili 9, 1940, na kwa miaka mitano sherehe ya Mei 17 ilipigwa marufuku. Walijisalimisha Mei 8, 1945, na siku tisa baadaye watu wakaandamana tena wakiwa na bendera zilizokuwa zimefichwa. Ukiwa Finnmark, jua kwamba mwishoni mwa 1944 jeshi la Ujerumani lilipokuwa likirudi nyuma lilichoma nyumba nyingi mno za mkoa huo, na wazee wanaosimama mbele yako huenda walizaliwa mapangoni, kwenye vibanda au ukimbizini. Wewe uliyetoka Kivu unaweza kuwaelewa kwa namna ambayo kijana wa Oslo hawezi. Vua kofia, simama wima, zima simu. Ukijiwa na machozi, yaache yatoke. Utakuwa pamoja na wengine.

6. Simama pasipo na mtu

Nataka unisikilize vizuri hapa, maana siku yote inategemea mahali utakapoweka miguu yako.

Sikukuu za taifa tulizozizoea ni za askari. Norway huonyesha watoto. Mwaka 1870 huko Christiania, mwandishi Bjørnstjerne Bjørnson na wenzake waliwatoa watoto wa shule barabarani kwa msafara wao wenyewe. Walikuwa wavulana tu. Wasichana waliingia mwaka 1889. Desturi ikaenea kila penye shule: bendera ya shule mbele, bendi ya matarumbeta, kisha darasa baada ya darasa, kila mtoto na kibendera, wakipiga hurra hadi sauti zikauke. Huko Oslo msafara hupita mbele ya kasri, na familia ya kifalme husimama kibarazani saa kadhaa ikiwapungia mikono.

Kijijini hakuna mfalme wa kupunga. Na kuna shida nyingine ambayo watu wa mjini hawaijui. Utsira, manispaa ndogo kuliko zote nchini kwa idadi ya watu, ina wakazi wapatao 200. Piga hesabu ya mahali pa ukubwa huo. Toa watoto, wamo msafarani. Toa walimu wanaowapanga mstari. Toa wapiga tarumbeta, wabeba bendera za vyama, kasisi, meya, wazazi wa kamati, na yule anayepasha soseji moto. Nani amebaki kutazama? Msafara wa kijiji unaweza kutembea kilomita nzima mbele ya uzio, kondoo na mashua. Ndiyo maana vijiji vingi huupitisha kwenye makao ya wazee. Msafara unasimama hapo, bendi inapiga wimbo mzima, kwa sababu pale kuna watazamaji wa uhakika, blanketi magotini na kibendera mkononi.

Umeiona thamani yako? Kijiji hakijapungukiwa na waimbaji wala wavaaji. Kimepungukiwa na mtazamaji. Binadamu wote tuna majivuno, na bila majivuno hakuna ambaye angepiga pasi usiku kucha. Mtu akishavaa anataka kuonekana, na jirani aliyemwona tangu alipozaliwa hahesabiki sana. Wewe unahesabika. Umetoka mbali, na umesimama kuwaona wao.

Basi usijibanze kwenye kundi la watu kumi lililo mbele ya duka. Nenda kwenye kona tupu, mbele kidogo, ambako msafara utakuona kwa muda mrefu kabla haujakufikia. Piga makofi. Jifunze mapema majina matatu ya watoto, matatu tu, na uyaite kwa sauti wanapopita; walio nyuma yao watadhani unawajua wote, nao watainua vibendera juu zaidi. Msafara ukishapita, kata nyuma ya nyumba, ukautokee kona inayofuata, uanze upya. Watoto watakutambua na kucheka, na watakuwa wamepata watazamaji wawili badala ya mmoja.

Kati ya wapitao utawaona vijana wachache waliovaa suruali nyekundu au ovaroli, macho mekundu, sauti zimekwisha. Hao ni russ, wanaomaliza sekondari, na wamesherehekea siku nyingi. Hugawa vikadi vidogo vyenye picha na utani, na watoto huvikusanya kwa uchu mkubwa. Waombe vikadi vitano, uvitie mfukoni. Alasiri utakuwa tajiri kuliko meya.

Watoto wakishapita, huja wakubwa: vyama vya uvuvi, waimba kwaya, wakimbiaji, kisha yeyote. Jirani akikuashiria, ingia mkiani bila kujadili. Beba bendera moja, ya kwao. Suala la bendera za nchi nyingine msafarani limebishaniwa huko kwa miaka mingi, na hutalimaliza asubuhi moja.

Wala usidhani mlango huu ulijifungua. Mwaka 1999 Rubina Rana, mwanasiasa aliyezaliwa Pakistan, aliongoza kamati ya Mei 17 ya Oslo, wa kwanza mwenye asili ya nje kushika nafasi hiyo. Alipokea vitisho, akaongoza hata hivyo. Ukiwa mkiani mwa msafara na kitenge chako, mkumbuke.

7. Imba bila kuimba

Wimbo wa taifa ni »Ja, vi elsker dette landet«, maneno ya Bjørnson, muziki wa Rikard Nordraak, na uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza Mei 17, 1864. Una beti nane, lakini kwa kawaida huimbwa ubeti wa kwanza, wa saba na wa nane. Usiulize kwa nini wameruka hadi wa saba, imba.

Ubeti wa kwanza jifunze kweli. Wiki moja unaposafisha vyombo inatosha. Kwa hizo nyingine, tafuta bibi mwenye sauti nzito wa kwaya ya kanisa, usimame nyuma yake hatua moja. Fungua kinywa kwa irabu, funga kwa konsonanti, na macho yako yaelekee kwenye bendera, si kwenye karatasi. Watu wakiitazama bendera hakuna anayetazama midomo. Mistari ya mwisho hurudiwa, kwa hiyo ulichokosa mara ya kwanza unakipata mara ya pili, na hapo ndipo uiachie sauti. Wenyeji walio karibu nawe, wengi wao, wanafanya hivihivi kwenye ubeti wa saba.

Kuhusu hurra: mtu mmoja ataanzisha, wote watajibu. Wakati mwingine ni mara tatu, wakati mwingine tisa. Fuata watoto, na ujizuie mwishoni. Hurra ya peke yake baada ya wote kunyamaza husikika hadi ng'ambo ya fjord.

8. Kula kama mtoto, shindwa kama mtu mzima

Uwanja wa shule sasa una meza, soseji, vinywaji na aiskrimu. Kwa desturi ya siku hii mtoto hula aiskrimu kadiri awezavyo, hata kama theluji inadondoka juu yake. Wewe nawe kula. Huo si wakati wa kueleza kwamba huko kwenu aiskrimu ni ya jua. Soseji hufungwa kwenye lompe, mkate mwembamba laini wa viazi. Nyingi zina nguruwe, kwa hiyo kama huli, uliza mapema na kwa uwazi; watakutafutia nyingine bila kinyongo. Malipo hufanywa kwa programu ya simu inayohitaji akaunti ya benki ya huko. Kama hujaipata, nenda na noti ndogondogo.

Mezani utaona mnara wa pete za lozi zilizopangwa kutoka kubwa hadi ndogo, na vibendera vimechomekwa. Ni kransekake. Mgeni huibandua pete ya juu. Wewe anzia chini: inua mnara taratibu, toa pete ya mwisho, rudisha mnara chini ukiwa bado umesimama. Watakaokuona watatazamana.

Kisha michezo. Kuna mbio za magunia, na kuna mchezo uleule wa ndimu kwenye kijiko tulioucheza chekechea, ila ndimu yao ni kiazi. Utaitwa. Usikatae, na usishinde. Lakini usijifanye kushindwa, maana mtoto wa miaka sita hunusa uongo huo upesi na huudhika. Kimbia kwa nguvu zako zote. Kiazi kitakushughulikia chenyewe.

Nunua tiketi za bahati nasibu nyingi kuliko unavyotaka. Fedha hizo huwa ni za bendi ya shule, na pasipo bendi mwakani kutakuwa na msafara wa miguu mitupu. Zawadi ni pakiti ya kahawa, kikapu cha matunda, soksi za sufu zilizofumwa kwa mkono. Ukishinda soksi, vua viatu uzivae papo hapo. Aliyezifuma yuko meza ya tatu anakutazama.

9. Shika chupa ya kahawa

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wanorway huishi methali hii bila kuijua. Sherehe yote unayoiona imefanywa kwa kujitolea, dugnad kama waitavyo: mara nyingi wazazi wa darasa fulani ndio kamati ya mwaka huu, mwakani darasa lingine. Wanaogawa soseji tangu asubuhi hawajakaa.

Basi jipe jembe mwenyewe kabla hujapewa. Chukua chupa kubwa ya kahawa, pita meza kwa meza ukimimina. Hii ndiyo hila bora kuliko zote katika mwongozo huu. Mwenye chupa haulizwi maswali magumu kuhusu siasa za kwao. Anaweza kuondoka kwenye mazungumzo yoyote akiwa katikati ya sentensi. Anakaribishwa kila meza, hata ile ya wavuvi watatu ambao huwa hawamkaribishi mtu. Na kwa muda wa nusu saa hiyo, watu waliokaa ndio wageni, wewe ndiye mwenyeji.

Ukizidisha nusu saa, mwenyekiti wa kamati atakuja na daftari kukuuliza kuhusu mwakani. Zidisha.

10. Acha sahani

Inapofika saa kumi jioni watu wanakunja meza. Kila mmoja anatafuta chombo chake. Wewe nenda nyumbani mikono mitupu, usitazame nyuma kuelekea meza ya keki.

Mei 18 duka litafunguliwa, ovaroli nyekundu zitakuwa zimepotea, na jirani aliyekukumbatia jana atakupita kwa kutikisa kichwa. Usivunjike moyo, amerudi katika hali yake na hajakusahau. Sahani yako iko jikoni kwa mtu fulani, imeoshwa, jina lako chini yake, nayo inamkera. Watu hawa hawawezi kukaa na chombo cha mtu. Siku mbili, ya tatu, utasikia hodi.

Uwe na kahawa tayari, na maandazi mengine. Atasimama mlangoni akikunyooshea sahani, atasema ana haraka. Mwambie avue viatu, kisha umwulize nani hatimaye aliyepata kile kikapu cha matunda.